Maili Moja ya Maarifa: Majumba Manne ya Makumbusho Katika Oxford

Wahenga walisema, akiba haiozi. Watu wengi wakiisikia methali hii hufikiri habari za mahindi ghalani, au za shilingi zilizowekwa posta. Lakini iko akiba ya namna nyingine, nayo ni vitu vya kale na vya ajabu ambavyo watu huvihifadhi katika nyumba maalum, ili watoto na wajukuu wao wapate kuviona na kujifunza. Nyumba hizo ndizo ziitwazo majumba ya makumbusho. Mtu aliyewahi kupanda kile kilima cha Nairobi na kuingia katika jumba la makumbusho lililoko pale, lililokuwa likiitwa Coryndon hapo zamani, anajua jinsi nusu siku iwezavyo kupita kama dakika chache.

Katika mji wa Oxford, nchi ya Uingereza, yako majumba manne ya namna hiyo, yote mali ya Chuo Kikuu cha mji huo, nayo yamekaribiana hata mtu aweza kuyazunguka yote kwa miguu katika siku moja. Njia yenyewe ni kama maili moja tu, wala hakuna kiingilio cha kulipa mlangoni. Vijana wa Afrika ya Mashariki waendao Uingereza kwa masomo hupita njia hiyo, na wazazi wao waliobaki nyumbani yafaa wajue kilichomo, maana baadhi ya vitu vilivyomo vilitoka huku, na habari zake bado hazijakwisha.

CHUO KISICHO NA UA

Oxford uko upande wa kaskazini-magharibi ya London, mwendo wa saa moja hivi kwa gari moshi. Mafundisho yalikuwa yamekwisha kuanza huko katika mwaka 1096. Mgeni asitazamie kuona lango moja na ua mmoja, kama aonavyo Makerere. Chuo Kikuu cha Oxford ni jamii ya vyuo zaidi ya 30, na kwa kawaida chuo huwa na lango lake, bustani yake na ukumbi wake wa kulia chakula, na vingi vina kanisa pia. Vyuo hivyo vimesambaa mjini katikati ya maduka, mabenki na nyumba za watu. Kwa hiyo kutembea chuoni ni kutembea mjini, na mwenye kutafuta jumba la makumbusho hupita kando ya wauza matunda na wapanda baiskeli kabla ya kufika.

JUMBA LA KWANZA: KAZI YA WATUNZA BUSTANI

Jumba la kwanza ni lile liitwalo Ashmolean, katika Beaumont Street, ambalo ujenzi wake ulimalizika mwaka 1845. Lina nguzo kubwa za mawe mbele, kwa mfano wa mahekalu ya Wayunani. Jina lake latokana na Bwana Elias Ashmole, lakini asili ya mali yake haikuwa kwa mtu huyo. Ilikuwa kwa baba na mwana, wote wawili wakiitwa John Tradescant, na kazi yao ilikuwa ni utunzaji wa bustani.

Wakulima wakumbuke neno hili. Tradescant baba alitunza bustani za wakuu na hatimaye za Mfalme Charles wa Kwanza, na katika safari zake za kutafuta mbegu na miche migeni alirudi pia na makombe, ngozi, silaha, na mavazi ya mataifa ya mbali. Vitu hivyo viliwekwa nyumbani kwake Lambeth, karibu na London, na watu wakavilipia kuvitazama. Baba alipofariki mwaka 1638, mwanawe akaendelea. Katika mwaka 1656 alichapisha daftari ya vitu vyote, kimoja kimoja, na daftari hiyo ndiyo ya kwanza ya namna yake kupigwa chapa katika Uingereza.

Bwana Ashmole, aliyekuwa mtu wa sheria na wa elimu, alisaidia katika kazi ya daftari hiyo. Mwaka 1659 Tradescant alitia sahihi hati ya kumpa Ashmole mkusanyo wote baada ya kufa kwake. Lakini Tradescant alipofariki mwaka 1662, mjane wake, Bibi Hester, alikataa, akidai kwamba mali ile yampasa yeye. Shauri likafika barazani, na mwaka 1664 hukumu ikawa upande wa Ashmole. Mwaka 1678 Bibi Hester alikutwa amekufa maji katika ziwa dogo la bustani yake mwenyewe.

Ashmole aliitoa mali hiyo kwa Chuo Kikuu, na mwaka 1683 jumba lilifunguliwa kwa watu wote. Ndilo jumba la makumbusho la kwanza katika Uingereza lililokuwa wazi kwa kila mtu. Basi msomaji aone kwamba tangu msingi wake jambo hili la kukusanya vitu liliandamana na swali moja gumu: Kitu hiki ni cha nani, na alikipataje? Swali hilo litarudi mwisho wa njia.

Ndani ya Ashmolean Mwafrika atakuta kitu cha kumsimamisha. Katika vyumba vya Misri na Nubia limo hekalu dogo la mawe, zima, lenye kuta zilizochongwa picha pande zote. Lilijengwa kwa amri ya Taharqa, mfalme mweusi wa Kushi, ambaye ufalme wake ulikuwa katika nchi iitwayo Sudan leo, naye alitawala hata Misri yenyewe tangu mwaka 690 hivi kabla ya Kristo. Taharqa huyo ametajwa katika Biblia kwa jina la Tirhaka, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme. Hekalu hilo lilichimbuliwa mahali paitwapo Kawa, karibu na mto Nile, katika miaka ya 1930, likapelekwa Oxford jiwe kwa jiwe. Mtu asemaye kwamba Afrika haikuwa na wafalme wala wajenzi kabla ya wageni kuja, na asimame mbele ya kuta hizo kwa dakika tano.

KUTOKA BEAUMONT STREET MPAKA BROAD STREET

Mwisho wa Beaumont Street, upande wa magharibi, iko Walton Street, ambako zamani palikuwa na chuo cha Ruskin, kilichojengwa kwa ajili ya masomo ya wafanya kazi. Marehemu Tom Mboya alisoma katika chuo hicho katika miaka 1955 na 1956, wakati alipokuwa akiongoza vyama vya wafanya kazi katika Kenya. Chuo hicho hakikuwa sehemu ya Chuo Kikuu, lakini wanafunzi wake walikuwa wakipita mlango wa Ashmolean kila waendapo katikati ya mji.

Mgeni akitoka Ashmolean na kushika upande wa kushoto, ataona mnara wa mawe wenye ncha kali. Huo ni ukumbusho wa Askofu Mkuu Cranmer na maaskofu wawili, Latimer na Ridley, waliochomwa moto kwa sababu ya dini katika miaka 1555 na 1556. Akipita kando ya kanisa lililo karibu, kisha akageuka kushoto, atakuwa ameingia Broad Street. Pale pale katika barabara, mbele ya chuo cha Balliol, pana alama ya msalaba iliyotengenezwa kwa mawe, nayo yaonyesha mahali penyewe pa moto. Magari hayapiti kasi hapo, na watu wengi huikanyaga bila kujua.

Broad Street ni pana kama jina lake. Kushoto ni vyuo vya Balliol na Trinity, na duka la vitabu la Blackwell lililofunguliwa mwaka 1879, lenye chumba kikubwa chini ya ardhi kilichojaa vitabu kuanzia sakafuni hata juu. Mwanafunzi mwenye fedha kidogo na ajihadhari nalo. Kulia, ng'ambo ya duka hilo, ndipo lilipo jumba la pili.

JUMBA LA PILI: VYOMBO VYA WATAALAMU

Nyumba hii ndiyo ile ya kwanza ya Ashmole, iliyofunguliwa mwaka 1683, kabla mkusanyo haujahamishwa kwenda Beaumont Street. Zamani ghorofa ya juu ilikuwa ya makumbusho, ya katikati ya mafundisho, na ya chini ya ardhi ilikuwa ya majaribio ya dawa na madini. Tangu mwaka 1924 imekuwa jumba la historia ya sayansi, na humo vimewekwa vyombo ambavyo wataalamu walivitumia katika kazi zao.

Waislamu wa pwani watapendezwa na duara za shaba ziitwazo astrolabu. Chombo hicho hupima kimo cha jua na cha nyota, na kwa hesabu zake mtu hujua saa, nyakati za sala, na mahali alipo. Mafundi wa Uajemi, wa Bara Hindi, wa Syria na wa Maghribi walichora juu yake majina ya nyota kwa herufi za Kiarabu, kwa mkono usiotetemeka. Mkusanyo wa astrolabu ulio katika jumba hilo ni mkubwa kuliko wote duniani. Nyota nyingi katika lugha za Ulaya zina majina ya Kiarabu hata leo, na sababu yake huonekana wazi hapo kabatini: Wazungu walijifunza elimu hiyo kwa Waarabu, wala hawakuona haya kujifunza.

Katika ghorofa ya chini umetundikwa ubao mweusi wa darasani, wenye hesabu za chaki. Aliyeziandika ni Albert Einstein, alipotoa hotuba katika Oxford tarehe 16 Mei 1931. Hotuba ilipokwisha, watu walizuia ubao usifutwe, wakauhifadhi. Ubao ni kitu cha bei ndogo, na kila mwalimu wa shule huufuta mara sita kwa siku. Lakini huo umekuwa hazina kwa sababu palikuwa na mtu aliyetambua thamani yake kabla ya kitambaa kupita.

Viko pia vyombo vya udongo ambamo ukungu wa penisilini ulikuzwa wakati wa vita. Howard Florey, Ernst Chain, Norman Heatley na wenzao walifanya kazi hiyo Oxford. Mwaka 1941 waliijaribu dawa kwa askari polisi mmoja mwenye ugonjwa wa usaha. Akaanza kupona, lakini dawa ikawaishia, naye akafariki. Walirudi kazini wakatafuta njia ya kutengeneza dawa nyingi zaidi. Leo hakuna zahanati ya kijijini ambayo haijapata kuisikia sindano hiyo.

KUTOKA BROAD STREET MPAKA PARKS ROAD

Kutoka hapo msafiri huenda mwisho wa Broad Street, akageuka kushoto kushika Parks Road. Huu ndio mwendo mrefu katika njia yote, nao ni wa dakika kumi tu. Kulia hupita chuo cha Wadham chenye bustani nyuma ya ukuta, na mbele kidogo, katika South Parks Road, liko jumba la Rhodes, lililojengwa kwa ukumbusho wa Cecil Rhodes baada ya Vita Kuu ya kwanza. Juu ya kuba lake pana sanamu ya ndege wa Zimbabwe, yule aliyechongwa na Waafrika wa kale katika mji wao wa mawe. Ndani ya jumba hilo ndimo Einstein alimoandika ubao wake. Baada ya hapo, kushoto huonekana chuo cha Keble, cha matofali mekundu yenye mistari myeupe, na kulia ni uwanja wa majani na nyumba kubwa yenye mnara.

JUMBA LA TATU: DODO NA MBAYUWAYU

Nyumba hiyo ni Jumba la Makumbusho ya Viumbe, lililofunguliwa mwaka 1860. Paa lake ni la vioo, limeshikwa na nguzo za chuma. Chuma cha kwanza kilikuwa dhaifu, kikashindwa kubeba uzito, ikalazimu kukivunja na kuanza upya. Kuzunguka ua ziko nguzo za mawe, na kila nguzo ni ya jiwe la namna mbali kutoka pembe za Uingereza na nchi za jirani, hata jengo lenyewe ni kitabu cha mawe. Juu ya nguzo mafundi kutoka Ireland, akina O'Shea, walichonga majani na maua, wakitazama mimea halisi iliyoletwa kila siku kutoka bustani ya Chuo Kikuu. Fedha zikaisha kabla ya kazi kwisha, na mpaka leo ziko nguzo na madirisha ambayo hayakuchongwa.

Katika nyumba hii, tarehe 30 Juni 1860, Askofu Wilberforce na Bwana Huxley walibishana mbele ya watu wengi juu ya kitabu cha Charles Darwin, kilichoeleza jinsi viumbe walivyobadilika katika muda mrefu. Wasomi wamehojiana tangu siku ile juu ya maneno yaliyosemwa, kwa kuwa hapakuwa na karani wa kuyaandika yote. Hapo tena yaonekana faida ya karani.

Katika kabati moja kuna taya la Megalosaurus, mnyama mkubwa mwenye meno makali, jamii ya mijusi ya kale. Mifupa yake ilipatikana Stonesfield, karibu na Oxford, na mwaka 1824 Bwana William Buckland akampa jina hilo. Huyo ndiye wa kwanza katika dainosa wote kupewa jina la kitaalamu. Wenyeji wa Lindi, katika Tanzania, hawatashangaa, kwa kuwa mlima wao wa Tendaguru ulitoa mifupa mikubwa zaidi, ambayo Wajerumani waliichimbua kati ya 1909 na 1913, na ambayo iko Berlin mpaka leo.

Lakini kitu mashuhuri kuliko vyote ni kichwa na mguu wa ndege aliyeitwa dodo. Huyu si embe dodo wa sokoni. Alikuwa ndege mkubwa, mzito, asiyeweza kuruka, aliyekaa katika kisiwa cha Morisi tu, katika Bahari hii hii ya Hindi ipigayo mawimbi Mombasa. Mabaharia wa Ulaya walipofika kisiwani mwishoni mwa karne ya 16, dodo hakuwaogopa, kwa maana hakuwa amemjua adui. Wakamwinda, nguruwe, panya na nyani walioletwa kwa meli wakala mayai yake, na kabla ya miaka mia moja kupita hapakuwa na dodo hata mmoja duniani.

Akina Tradescant walikuwa na dodo mzima katika mkusanyo wao, naye ametajwa katika ile daftari ya 1656. Alipelekwa Oxford pamoja na vitu vingine, lakini hakutunzwa vizuri. Wadudu wakamla, na kufikia mwaka 1755 alikuwa ameoza, akabaki kichwa na mguu mmoja. Vipande hivyo ndivyo pekee duniani vyenye ngozi na nyama ya dodo. Mwaka 2018 wataalamu walikipiga kichwa picha za miali, wakagundua ndani yake risasi ndogo ndogo za marisau. Basi ndege yule alipigwa kwa bunduki, jambo ambalo halikujulikana kwa zaidi ya miaka mia tatu. Wasomaji waliosoma kitabu cha Elisi Katika Nchi ya Ajabu, kilichotafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 1940, wamekwisha kukutana na dodo huyo, maana mwandishi wake, Lewis Carroll, alikuwa mwalimu wa hesabu katika Oxford.

Mkulima atapata somo hapo bila kufundishwa na mtu. Aina ya mbegu au ya mnyama ikipotea hainunuliki tena kwa fedha. Yule akataye mti wa mwisho wa asili katika kijiji chake, au aachaye mbegu ya mtama wa babu yake kupotea kwa sababu ya mbegu mpya ya dukani, afanya jambo lile lile walilofanya mabaharia wa Morisi, wala hajui.

Tena wako viumbe walio hai katika mnara wa jumba hilo. Ni ndege wadogo weusi wafananao na mbayuwayu, waendao mbio sana hewani, ambao huzaa katika matundu ya mnara. Tangu miaka ya 1940 wataalamu wamewahesabu kila mwaka. Ndege hao hufika Oxford mwezi wa Mei, na kabla ya baridi huondoka kuja Afrika. Hivyo ndege ambaye watoto wa Oxford wamemtazama akilea makinda, huenda ndiye apitaye juu ya mashamba ya Waafrika wakati wa mvua, akila wadudu.

JUMBA LA NNE: VITU VYA WATU

Nyuma ya ua wa vioo pana mlango, na mgeni akiupita huingia gizani kidogo. Ndilo jumba la Pitt Rivers. Lilianzishwa mwaka 1884, wakati Jenerali Augustus Pitt-Rivers alipotoa mkusanyo wake kwa Chuo Kikuu, kwa sharti kwamba ajiriwe mwalimu wa kufundisha desturi za mataifa. Kabati zimesongana mpaka darini, mitumbwi imening'inia juu, na vikaratasi vingi vya maelezo vimeandikwa kwa mkono, kwa herufi ndogo mno. Katika pembe nyingine mtu huhitaji tochi.

Vitu havikupangwa kwa nchi zake, bali kwa aina zake. Taa zote ziko pamoja, na vitana vyote, na ngoma zote, na vikapu vyote, na funguo zote. Kwa hiyo kibuyu cha Afrika huweza kukaa kando ya chupa ya Amerika. Mpango huo unafurahisha, kwa kuwa huonyesha jinsi watu mbali mbali walivyopatwa na haja ile ile na kuitimiza kwa akili zao. Lakini nia ya Jenerali ilikuwa nyingine. Yeye alitaka kuonyesha kwamba mataifa yamepangwa katika ngazi, wengine chini na wengine juu. Wataalamu wameyakataa mawazo hayo, na jumba lenyewe limeyakana wazi. Mwaka 2020 liliondoa mbele ya macho ya watu vichwa na viungo vya wanadamu, vilivyokuwa vikitazamwa kama vitu vya mchezo.

Na hapa ndipo lile swali la Bibi Hester lirudipo. Miongoni mwa vitu vya jumba hilo ni mapambo ya Wamasai, na mmoja wa waliovipeleka alikuwa A. C. Hollis, afisa wa serikali katika Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, ambaye aliandika kitabu juu ya Wamasai mwaka 1905. Mwaka 2017 Mmasai kutoka Tanzania, Samwel Nangiria, alitembelea jumba hilo akaviona vitu hivyo. Vingine vilikuwa na maelezo yenye makosa. Na vingine alivitambua mara moja kuwa ni vitu visivyouzwa wala kutolewa zawadi kwa mgeni.

Mgeni asiyejua hatalielewa jambo hilo, bali kila mzee wa Kimasai atalielewa. Orkatar si bangili ya kununua dukani. Ni kitu cha urithi, kipitacho kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na kifo cha baba kimo ndani yake. Isurutia ni pambo la ndoa. Kitu cha namna hiyo hakiwezi kuachana na familia yake kwa heri. Kikionekana mahali pengine, watu huuliza ni msiba gani uliokitoa nyumbani.

Jumba halikufunga mlango. Katika mwaka 2018, na tena mwaka 2020, wajumbe wa Kimasai kutoka Kenya na Tanzania walialikwa Oxford. Safari ya pili alikuwamo mwana wa laiboni, naye akavitazama vitu kwa njia ya ramli yao ili kujua vimetoka kwa nani. Vitu vitano vikaonekana kuwa ni vitakatifu, na familia zake zikatafutwa. Mwaka 2023 wakuu wa jumba walisafiri mpaka Kenya na Tanzania, wakakaa mbele ya familia hizo, na ng'ombe wakatolewa kwa desturi ya Kimasai ya kupatanisha.

Wako watu watakaosema ng'ombe hawawezi kufuta jambo la zaidi ya miaka mia moja. Wengine watasema kwamba lau vitu hivyo havingalipelekwa kabatini, mchwa wangalivila kama wadudu walivyomla dodo. Maneno yote mawili yana ukweli wake, lakini kutunza mali ya mtu hakumfanyi mtunzaji kuwa mwenye mali. Ajue hivyo kila aliyewekewa ng'ombe na jirani yake: huwalisha, huwanywesha, hunywa maziwa yao, na siku mwenyewe ajapo huwatoa zizini bila maneno mengi.

MWISHO WA NJIA

Msafiri akitoka Pitt Rivers hupita tena chini ya paa la vioo, mbele ya dodo, na kuingia Parks Road jua likiwa limeanza kushuka. Amekwenda maili moja, na amepita tangu Nubia ya Taharqa mpaka nyumba za Wamasai. Katika majumba yote manne jambo moja limemfuata: daftari. Ndege wa Tradescant ajulikana kwa sababu aliandikwa. Mabishano ya 1860 hayajulikani sawasawa kwa sababu hayakuandikwa. Na vitu vya Wamasai viliwapa watu taabu ya miaka mingi, kwa kuwa aliyevichukua hakuandika alivipata kwa nani, wala kwa njia gani. Wahenga walikwisha kusema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Si lazima mtu aende Oxford ili kulitumia somo hili. Kigoda cha babu, mkuki wa ukuta, mkufu wa bibi, kibuyu cha pombe ya arusi, hivi vyote vimo bado katika nyumba nyingi za Kenya, na kila mwaka wachuuzi huvinunua kwa bei ya chini na kuwauzia watalii. Mwenye kitu cha namna hiyo na amwulize mzee wake kabla mzee hajaondoka: Kitu hiki kiliitwaje, kilitengenezwa na nani, kilitumika siku gani, na ni nani apasaye kukirithi? Kisha mtoto ajuaye kuandika aliandike jibu katika daftari ya shule, aweke na tarehe. Kazi hiyo haina gharama ila ya kalamu na subira. Na siku itakapotokea mtu kuuliza kitu hicho ni cha nani, jibu halitahitaji kutafutwa kwa ramli.